Banda la Wasafiri



Zamani, kabla ya barabara za motokaa, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alitembea kwa miguu muda wa miezi mitatu au zaidi, mwendo wa kilometa 1,200 hivi, akichukua begani mzigo wa kilo 30. Wapagazi hao, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, hawakukuta njiani nyumba yenye kitanda wala mlango. Jioni walifika kambini, yaani uwanja ulio karibu na maji, uliozungushiwa boma la miiba, na ndani yake vibanda vya matawi na nyasi. Vibanda hivyo aghalabu havikujengwa na wao. Vilijengwa na msafara uliotangulia, watu wasiowajua kwa jina wala kwa sura. Wakalala humo, na alfajiri wakaondoka, wakawaachia wengine watakaofuata.

Si kwamba palikuwa pazuri. Mapaa yalivuja, moshi uliumiza macho, na katika nyufa za sakafu walikaa papasi, wenyeji wasiokosa kumwamkia mgeni usiku wa manane. Papasi hao walisambaa kwa njia za misafara, toka nyumba hata nyumba, wakieneza homa yao. Mganga Mwingereza Dutton, aliyeichunguza homa hiyo katika Kongo, aliugua mwenyewe akafa huko Kasongo mwaka 1905.

Kwa njia hiyohiyo, na katika makambi ya namna hiyo, ndimo walimopita Mapadri Weupe wa kwanza. Waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Ujiji Januari 1879. Mwenzao mmoja, Padri Pascal, alikufa njiani asilione ziwa. Fikirini basi: Injili ilifika katika Ziwa Tanganyika baada ya kulala siku nyingi chini ya nyasi zilizofungwa na mikono ya watu ambao bado hawajaisikia. Mungu alikubali kupokewa nao kabla hawajamjua.

Uvira nayo imezoea wageni tangu kale. Waingereza Burton na Speke walifika kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, wakitaka kujua kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji wakawaambia kwamba unaingia, jambo ambalo kila mtoto wa pwani hii alilijua bila kutoka Ulaya. Livingstone na Stanley wakaja Novemba 1871 wakahakikisha kwa macho yao. Vitabu vimetunza vizuri majina ya wageni hao. Juu ya wale waliowaonyesha mahali pa kulala, vitabu havisemi mengi. Lakini kuna kitabu kingine, nacho hakisahau.

Baadaye, wakati wa Wabelgiji, serikali ilijenga nyumba za kulala kando ya njia. Hizo zilikuwa hasa kwa maofisa, mpagazi alijitafutia.

Lakini penye misioni palikuwa na nyumba ya namna nyingine. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza mtu asibatizwe kwa haraka, bali afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne. Kwa hiyo watu waliotoka vijiji vya mbali walitembea siku moja, siku mbili, hata tatu, wakaja kukaa misioni kwa mafundisho ya mwisho. Palihitajiwa banda la kuwalaza. Wazee wengi walikumbuka mabanda ya namna hiyo kwa kucheka: jengo refu la udongo, mafiga matatu, mikeka iliyobanana, mmoja akikoroma, mwingine akisema maswali ya katekisimu usingizini, na mbuzi wa misioni akiingia mvua ikinyesha kana kwamba naye ameandikishwa. Chakula kilikuwa kile alichobeba kila mtu, unga wa muhogo na ndagala wakavu. Aliyeishiwa alikula cha jirani. Yule aliyeingia humo akidhani kwamba dini ni kukariri majibu tu alifundishwa na chungu cha jirani yake.

Sasa fungueni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya kumi. Habari ya Msamaria mnaijua nyote. Alimwona mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni. Kila mara husifiwa Msamaria, na ni haki. Lakini mtazameni pia mwenye nyumba. Msamaria alilala usiku mmoja, asubuhi akatoa dinari mbili akaenda zake. Nani aliyebaki na mgonjwa? Nani aliyeamka usiku kumpa maji, akafua vitambaa vyenye damu? Ni mwenye nyumba, ambaye hatajwi jina wala kabila. Tena alipewa fedha kidogo pamoja na ahadi kwamba zikipungua atalipwa mwenye kutoa atakaporudi. Kazi alianza papo hapo, malipo mengine akayangoja. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba nyumba ile ni mfano wa Kanisa, na Msamaria ni Kristu. Basi mkatekumeni anayeomba kuingia katika Kanisa ajue anaingia kazi gani: anaomba kuwa mmoja wa watumishi wa nyumba ya wageni, hata mwenye nyumba arudi.

Mtu mmoja atajibu: Hayo yalikuwa ya zamani. Tangu vita vya 1996, anayebisha usiku huenda ana bunduki. Neno hili si la mchezo, na anayelisema asikemewe. Hofu hiyo si dhambi. Mwenye nyumba aite jirani wawili, ampeleke mgeni kwa mkubwa wa kijiji ajulikane, amlaze katika banda la nje na si katika chumba cha binti zake. Busara haipigani na mapendo.

Walakini kila mmoja achunguze moyo wake vema, maana mara nyingi kinachofunga mlango si bunduki bali lugha. Mgeni husalimu, na kwa salamu yake hutambulikana kuwa ni Mfuliru, au Mbembe, au Mvira, au Mrundi, au Munyamulenge. Basi ghafula nyumba inakuwa haina nafasi, na mkeka uliokuwapo jana umepotea. Huyo aliyekataliwa huenda ameshuka kutoka milima ya Itombwe, ambako vilele vyapita mita 3,000, mwenye miguu iliyovimba na mtoto mgongoni. Mwaka 2015 Warundi wengi walivuka mpaka, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa ajili yao katika wilaya ya Fizi. Watu wa pwani hii nao wamepata kukimbilia upande wa Burundi zaidi ya mara moja. Anayefunga mlango leo, kesho atabisha mlango wa nani?

Wala Kanisa halifichi kwamba mlango waweza kumgharimu mtu. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, waasi walimwua Bruda Vittorio Faccin, na Padri Luigi Carrara akapiga magoti karibu na ndugu yake akauawa papo hapo. Jioni wauaji walipanda hata Fizi, wakafika nyumba ya mapadri. Padri Giovanni Didonè alikwenda mlangoni, akauawa. Na pamoja naye Abbé Albert Joubert. Wanne hao walitangazwa wenye heri hapahapa Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Hawakufanya kosa la kutojihadhari. Walikuwa wamekaa na watu wao wakijua hatari, na mlango wa misioni ni mlango wa wote.

Basi, wakatekumeni wa kila kijiji kuanzia Uvira kupita Makobola na Mboko hata Baraka wana kazi wanayoweza kuianza bila kungoja ubatizo. Banda dogo karibu na kapela latosha. Sakafu isilibwe udongo laini usio na nyufa, ifagiliwe kila wiki, mikeka itolewe juani, kwa maana papasi hawatofautishi mtakatifu na mkosefu. Mtungi wa maji uwe umejaa, kuni ziwe kavu. Mgeni asiulizwe dini kabla ya kula. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni ya kweli, nayo isitumiwe siku ya kwanza.

Naye anapoondoka alfajiri, asiondoke peke yake. Wazee walimsindikiza mgeni hata kivuko cha mto, wakambebea mzigo mpaka hapo. Kijana mmoja wa mafundisho afanye hivyo kwa zamu, amvushe maji, amwonyeshe njia ya kijiji kinachofuata, na kumwambia ni mlango gani abishe.