Je, kusaga meno usiku ni kukosa imani?



Nilipozibwa jino hapa Kampala, maumivu hayakwisha. Asubuhi taya lilikuwa zito kama jiwe, na usiku mke wangu alikuwa akiniamsha: "Baba, unasaga meno tena."

Ndugu mmoja akaniambia mwenye imani hasagi meno, kwa kuwa Maandiko yanataja jambo hilo kwa wale waliotupwa nje. Niliona aibu. Siku kumi sikurudi kwa daktari. Basi nauliza: mwili ukisema hofu ambayo mdomo umeificha, ni dhambi?

Nafikiri hapana. Sisi tuliokimbia Goma mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji, tulifunga midomo njiani tusisikike. Taya halikuambiwa kwamba tumefika Katwe. (Na kodi ya nyumba hailisaidii!) Ayubu alikaa majivuni akijikuna kwa kigae, waliokemewa ni rafiki zake waliomtafutia kosa.

Niliporudi, daktari aliona jino lililozibwa limezidi kimo kidogo, akalipunguza kwa dakika chache. Akasema: mchana funga midomo lakini meno yasigusane, weka kitambaa cha maji ya moto kiasi kwenye taya, kula chakula laini. Asipirini usiiweke kwenye ufizi, huunguza. Uso ukivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje maombi ya Ijumaa yaishe.

Yule ndugu? Juzi baada ya ibada alinivuta pembeni, akishika shavu, akauliza kwa sauti ya chini huyo daktari yuko upande gani.