Samaki Mkunje Angali Mbichi, Lakini kwa Mkono Gani?



Juzi bombani mtoto alimpiga mwenzake kwa ndoo kwa sababu ya foleni ya maji. Watu wakasema, "Achapwe, hana adabu." Nilinyamaza, maana mtoto huyo ni wangu, na usiku uliotangulia mimi na mama yake tuligombana mpaka majirani wakasikia.

Tuligombania habari ya kurudi. Ninyi mliotoka Rumonge mnayajua haya. Wengi waliokimbia mwaka 1972, waliporudi walikuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Mimi nataka kwenda kudai shamba la baba. Mke wangu anaogopa kuwapeleka watoto kwenye ugomvi wa ardhi. Kila mmoja ana sababu yake, lakini tulitukanana, na mtoto alikuwa macho nyuma ya turubai.

Basi kosa la bombani ni la nani? Tunasema samaki mkunje angali mbichi, kisha tunachukua fimbo. Mwaka 1961 huko Marekani, mtaalamu Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere. Walipoachwa naye, walimpiga kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa. Kama mtoto hujifunza kwa kuona, fimbo yangu ingekuwa somo la pili.

Sisemi mtoto hana kosa. Alimwumiza mwenzake, nasi tulikwenda naye kuomba msamaha. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, nilimwomba mama yake msamaha mbele yake. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba, si watoto.

Wengine husema siri ya nyumba isitoke nje. Lakini kwetu Burundi, tangu zamani Abashingantahe walikaa na wenye ugomvi wakasikiliza pande zote mbili. Kumwendea mzee wa kanisa au mshauri wa familia si aibu. Ila ndugu washauri, panapo kipigo msimwambie mama avumilie tu. Kwanza yeye na watoto wawe salama, maneno ya upatanisho yafuate.

Habari ya shamba bado hatujaiamua. Tumekubaliana kuizungumza mbele ya wazee wawili, mchana, bila matusi. Mtoto akisikiliza nyuma ya turubai, na asikie hayo.

Mungu azibariki nyumba zenu.