Kiti cha Mbulu, Kiti cha Karatu: Amana ya Nani?

Uwakilishi, yaani hali ya mtu mmoja kusema na kuamua kwa niaba ya wengi wasiokuwapo, hueleweka pale tu inapojulikana ni nani aliyeiweka amana hiyo mikononi mwa mwakilishi na ni nani mwenye haki ya kuidai. Edmund Burke, alipowahutubia wapigakura wa Bristol mwaka 1774, alishikilia kwamba mbunge anadaiwa nao si bidii yake pekee, bali pia busara yake. Lakini mzozo wa Burke ulikuwa na pande mbili tu, mbunge na wapigakura wake, ilhali katika nyanda za Mbulu na Karatu upande wa tatu, yaani chama, umekuwapo tangu mwanzo.

Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, vingi kati ya hivyo bila kupingwa. Kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Karatu, na kilichukuliwa na Herman Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama, dhidi ya Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na TANU. Sarwatt mwenyewe alikuwa mwana-TANU, na aliendelea kuiunga mkono TANU barazani, hivyo ni vigumu kuyasoma matokeo hayo kama uasi dhidi ya harakati za uhuru; wapigakura walikikubali chama, ila walikataa kuchaguliwa mtu wa kuwasemea.

Mfumo wa chama kimoja uliowekwa kisheria mwaka 1965 uliufunga mlango huo, na vyama vingi vilivyorejea mwaka 1992 havikuufungua, kwa kuwa Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na aliyedhaminiwa nacho. Mwaka 1995, Dkt. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri na Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alikatwa jina katika uteuzi wa CCM, akahamia Chadema na kushinda Karatu, kiti alichokishika hadi 2010, kikarithiwa na Mchungaji Israel Natse wa chama hichohicho. Karatu ilifanya tena kile ambacho Mbulu ilifanya, isipokuwa safari hii sheria ilimlazimu mtu wao kutafuta vazi la chama kingine kwanza. Kwamba chama hicho baadaye kilipata mizizi ya kweli huko hakubadilishi namna kilivyoingia.

Katika mafundisho ya Kiislamu na ya Kikristo vilevile, amana hurudi kwa aliyeiweka. Katiba ya Tanzania, kwa upande wake, inamvua ubunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, hata kama wapigakura wake hawana lalamiko lolote, na hapo mdhamini anageuzwa kuwa mwenye mali. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la chama mahakamani tangu 1993, akashinda Mahakama Kuu na kushindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, kabla ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, kuamua mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika.

Jirani ya Karatu, swali limerudi nyuma zaidi. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, wakiwamo Wamaasai walioondolewa Serengeti. Lakini tangazo la Serikali la Agosti 2024 lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya Wilaya ya Ngorongoro, huku wakazi wakilalamika kwamba uandikishaji wao wa kura umehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Mahakama Kuu Arusha ilisitisha tangazo hilo Agosti 22, baada ya siku kadhaa za maandamano. Burke, Sarwatt na hata Mtikila walibishana juu ya anayepokea amana. Huko Ngorongoro, aliyebishaniwa ni yule anayeiweka, na kama bado anahesabiwa kuwa yupo mahali anapoishi.