Mana ya Jana



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma jinsi wana wa Israeli walivyolishwa jangwani. Umande ulipoinuka asubuhi walikuta kitu kidogo kimelala juu ya nchi, wakaulizana ni nini, kwa maana hawakukijua. Musa akawaagiza waokote kila mtu kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kichwa, wala wasisaze hata asubuhi. Lakini wengine hawakumsikia. Wakaiweka, nayo ikaingia mabuu, ikanuka. Tena aliyekawia hemani hata jua likawa kali hakupata kitu, maana ilikuwa imekwisha yeyuka. Hivyo ndivyo walivyookota kwa muda wa miaka 40, asubuhi kwa asubuhi, isipokuwa siku ya Sabato, ambayo chakula chake walikiokota siku iliyotangulia.

Na tuitazame ile mana iliyonuka. Haikuwa mana ya uongo. Ilitoka mbinguni kama nyingine, na siku ile iliposhuka iliwashibisha watu. Ubaya wake ulikuwa huu tu, ya kwamba ilikuwa ya jana. Nasi Wakristo wengi twaishi kwa mana ya jana. Ukimwuliza mtu habari za imani yake, atakueleza siku ya ubatizo wake, au Pasaka ile alipotoka machozi kanisani, au ugonjwa ule alioponywa. Mambo hayo ni ya kweli, wala hatuyadharau. Lakini mwulize leo asubuhi alisema nini na Mungu wake, naye atanyamaza.

Wala sisi tulio walimu na wazee wa kanisa tusidhani kwamba tumo salama. Pengine hatari yetu ni kubwa zaidi, kwa kuwa Kitabu twakifungua kila siku, lakini twakifungua ili kutafuta maneno ya kuwaambia wengine. Mpishi wa arusi huonja kila chungu, na usiku hulala na njaa. Twaungama kwamba mara nyingi tumewafundisha watu habari za sala asubuhi ile ile ambayo sisi wenyewe hatukuomba. Watu waliitika Amin kwa sauti kubwa, wakaenda zao. Hawakujua neno.

Wenzetu wa Kilimanjaro waujua mfereji uletao maji kutoka mtoni mlimani mpaka migombani. Wao huuita mfongo. Mfongo hauzibi kwa siku moja. Jani huanguka, kisha kijiti, kisha udongo kidogo humomonyoka ukingoni. Maji hupungua pole pole, na mwenye shamba la chini hana habari mpaka migomba yake imeanza kunyauka. Ndipo huchukua jembe na kupanda juu kutafuta palipoziba. Mtu naye hupoa vivyo hivyo. Hatujamwona hata mmoja aliyeamka asubuhi akasema, Leo namwacha Mungu. Bali ni msimu wa kuchuma kahawa, kazi ni nyingi, sala ya nyumbani yakatwa. Halafu ni safari. Halafu mgeni amelala kwetu nasi twaona haya kuimba mbele yake. Mwezi wapita. Na jirani zetu wasio Wakristo huona mabadiliko kabla yetu, maana wao huyasikia maneno yetu tunapogombana mpakani.

Martin Luther alikuwa na kinyozi wake katika mji wa Wittenberg, jina lake Peter Beskendorf, rafiki yake wa miaka mingi. Kwa ajili ya mtu huyo aliandika kitabu kidogo cha kumfundisha kuomba, kikapigwa chapa mwaka 1535. Luther hajifanyi humo kuwa mtu ambaye moyo wake huwaka daima. Akiri kwamba naye hupoa na kuchoka kuomba. Na hapo huchukua Zaburi zake, huingia chumbani, au huenda kanisani penye watu, na kujisomea Amri Kumi na Imani kama mtoto afanyavyo, mpaka moyo upate moto. Amwonya rafiki yake ajihadhari na lile wazo lisemalo, Ngoja kidogo, nimalize kwanza shughuli hii. Tena amkumbusha kazi yake mwenyewe: kinyozi hana budi kuuangalia wembe na nywele, kwa maana akipiga soga na kutazama huko na huko, atamkata mtu pua.

Habari inayofuata tungependa kuiruka, lakini si haki. Mwaka ule ule, karibu na Pasaka, Peter huyo alikuwa mezani pamoja na mkwewe, akamchoma kisu, naye mkwe akafa. Mtu aliyeandikiwa kitabu cha sala na Luther mwenyewe! Mahakama ingaliweza kumwua. Luther na wengine walimwombea, naye akafukuzwa mjini, akapoteza mali zake.

Je, tuseme nini? Wengine watasema, Basi kuomba kila siku kwafaa nini? Hatuwezi kujua moyo wa mtu huyo saa ile. Lakini twajua kwamba hakuna sala ya jana iwezayo kumshika mtu mkono leo anapokasirika. Na twajua hili pia, kwamba rafiki yake hakumkana kwa kuwa ameanguka, bali alikwenda kumtetea. Twawaandikia hasa ninyi mlioanguka, mkasema moyoni, Nimekwisha haribu, ya nini kurudi? Labda ni ulevi, labda ni mke wa pili, labda ni fedha za sadaka zilizopungua mkononi mwenu. Mwadhani Mkristo thabiti ni yule asiyeanguka kamwe. Na kwa kuwa ninyi si hao, mmeketi nje.

Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 haikutufundisha hivyo. Katika sehemu ya Ubatizo yatuambia kwamba Adamu wa kale aliye ndani yetu apaswa kuzamishwa kila siku kwa toba, na mtu mpya atoke na kuinuka kila siku. Angekuwa amekufa mara moja tu, neno hilo la kila siku lisingalihitajiwa. Hata wale walioweka mana ikaoza, je, Mungu aliwanyima ya kesho yake? Musa aliwakasirikia, lakini asubuhi iliyofuata umande uliinuka, na chakula kilikuwapo mlangoni pa hema zao kama mlangoni pa wengine.

Basi kesho, kabla hamjashika jembe wala kuwasha moto, jitieni ishara ya msalaba kama Katekisimo iagizavyo, semeni Imani na Baba Yetu, kisha nendeni kazini kwa furaha. Aliye na watoto na awaite. Asiyejua kusoma ayajua hayo kwa moyo. Na jioni fanyeni vivyo hivyo, mkiungama lile mlilokosa mchana. Kisha, asema Luther, mlale usingizi upesi na kwa moyo mkunjufu.