Nani Mwenye Kauli juu ya Kimondo?

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, Tanzania, kuna pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16, lililoanguka kutoka angani katika zama ambazo hakuna simulizi linalozikumbuka. Maandishi mengi yanasema Kimondo cha Mbozi kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Desemba ya mwaka huo mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni alikata kipande cha sentimita 10 hivi, na sehemu kubwa ya kipande hicho ikapelekwa London. Mwaka 1967 kimondo kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Hata hivyo, maelezo hayohayo huongeza kwamba wenyeji walikijua tangu zamani, ila kwa sababu ya mwiko hawakumtajia mgeni. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa pamoja. Kitu kinachojulikana hadi kikawekewa mwiko hakikuwa kikingoja mtu wa kukigundua.

Ukinzani huu unazaa swali la kifalsafa ambalo kila makumbusho ya umma hulikwepa: kitu kilichoheshimiwa na watu fulani kikishafanywa mali ya wote, nani abaki na kauli juu yake, na je, kauli hiyo inabeba pia haki ya kunyamaza? Naona makumbusho yana hadhi ya msimamizi wa mirathi: yamekabidhiwa mali ya wengine na yanawajibika kutoa hesabu kwa warithi. Mara nyingi kinachoitwa ushirikishwaji wa jamii ni kualika wanafunzi, kuita kikundi cha ngoma siku ya uzinduzi na kuajiri walinzi wa kijijini. Yote ni mema, lakini hufanyika baada ya mambo makubwa kwisha kuamuliwa. Mrithi anayeitwa kula karamu baada ya shamba kugawanywa hajashirikishwa.

Kushirikishwa kweli ni kuweza pia kukataa, na uzito wa neno “hapana” unaonekana katika kisa cha vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Hizo ni nguzo zinazochongwa kwa heshima ya wazee waliofariki, na desturi ni kuziacha zizeeke palepale zilipochomekwa. Nyingi ziliibwa na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali kurudisha vigango 30. Wahifadhi waliovitunza visiliwe na mchwa walidhani wanaviheshimu, kumbe utunzaji wenyewe ulikwenda kinyume na makusudi ya kigango. Wasingeweza kulijua hilo bila kuwauliza wenyewe, na kuuliza hakuna maana kama jibu moja tu ndilo linalokubalika.

Wapo watakaosema kimondo ni kitu cha ulimwengu wote, kwa kuwa hakuna kabila lililokifua. Ni kweli kwamba karibu asilimia 90 yake ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli, na ukweli huo hauhitaji idhini ya mzee yeyote. Lakini sayansi yenyewe ilipotaka kujua umri wa tukio iliegemea mambo mawili: kutoonekana kwa shimo la mwanguko, na kutokuwepo kwa simulizi la kuanguka miongoni mwa wenyeji. Maana yake wenyeji wamekwisha kufanywa mashahidi. Hatuwezi kuupokea ukimya wao kama ushahidi, kisha tukawanyima nafasi ya kueleza ukimya huo ulikuwa wa namna gani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Jirani na Mbozi kuna Tunduma, mji wa mpakani wenye malori yaendayo Zambia na Kongo, na wakazi waliotoka kila pembe ya nchi. Wanyamwanga wenyewe wamegawanywa na mpaka unaoitenga Tunduma na Nakonde ya Zambia. Halmashauri ya mji kama huo ikianzisha makumbusho, jamii ni ipi? Jibu ni kwamba kauli hufuata kitu. Juu ya mwiko wa Ndolezi, waanze Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walioishi nao. Juu ya historia ya mpaka, dereva, mbadilisha fedha, mama lishe na jirani wa Nakonde wote ni warithi. Na hapa halmashauri ina faida ambayo chombo cha mbali hakina. Kimondo sasa kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa pili wa nchi, ilhali diwani anaweza kubanwa kwa maswali katika mkutano wa hadhara mtaani kwake.

La tatu hutoka kwa waumini. Wamoravian walifungua misheni Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, na wajukuu wengi wa walioshika mwiko leo ni Wakristo. Je, kuupa mwiko nafasi si kufufua ushirikina? Kusikiliza si kuabudu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga makumbusho ya Wasukuma ndani ya eneo la parokia ya Bujora, ngoma za watemi zikiwemo, na kanisa halikuvunjika. Tena mjukuu anayesema mwiko huo haumfungi naye ni shahidi, na neno lake liandikwe kando ya neno la babu. Makumbusho yakimbakiza Mnyiha katika mwaka 1930 yatakuwa yamemdhulumu mara ya pili.

Agosti 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha fasili mpya ya makumbusho inayotaja ushiriki wa jamii. Fasili haitoshi. Kipimo ni kutafuta uamuzi mmoja ambao makumbusho yaliubadilisha kwa sababu wenyeji waliukataa. Kwa kimondo, uamuzi wa kwanza hauna gharama kubwa: liondolewe neno “kiligunduliwa”, na wazee na vijana wa Ndolezi waulizwe mbele ya mkutano wa kijiji kiandikwe nini mahali pake. Wakisema kuna sehemu isiyosimuliwa kwa kila mtu, mgeni aambiwe hivyo waziwazi, ajue kwamba kuna aliyeulizwa na kwamba jibu lake liliheshimiwa.