Nani Aliyemfundisha Fundi Kusema Uongo?

Wenye magari ya dizeli ya zamani tukikutana, iwe barazani baada ya sala, iwe msibani tunaposubiri kwenda kuzika, mazungumzo hayachelewi kufika gereji. Kila mmoja ana lake. Huyu alibadilishiwa nozeli zote nne na gari likaendelea kugoma asubuhi vilevile. Yule aliacha pampu yake kwa fundi, akarudishiwa pampu ya gari jingine. Wa tatu anaapa kwamba kwa wakala hakanyagi tena, maana kule alitozwa pesa ya kupimiwa kwa kompyuta, akaambiwa spea haipo, na aliporudi akatozwa upya kwa kipimo kilekile. Tunatikisa vichwa, tunasema mafundi ni wezi, tunaagana roho zetu zimetulia. Utulivu huo ndio unaonitia shaka. Katika wote wanaosemwa kwenye vikao hivyo, sisi wenyewe hatutajwi kamwe.

Gari la dizeli likizeeka lina usumbufu wake. Injini yake haina plagi za kuwasha kama ya petroli. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mara 20 hivi mpaka inapata joto la kuyaunguza mafuta yanaponyunyizwa. Basi chochote kinachopunguza mshindilio, au joto, au dizeli yenyewe, huishia kwenye dalili ileile: gari halitaki kuwaka asubuhi. Huenda hita plagi zimekufa. Huenda ringi zimelika na injini inapumua. Huenda nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza, au filta imeziba, au mpira wa dizeli umepata ufa na unavuta hewa. Sababu moja unaimaliza kwa pesa iliyobaki mfukoni. Nyingine unaiuzia kiwanja. Mwenye gari haoni tofauti. Anayeiona ni fundi peke yake, naye anajua kwamba haonekani.

Nilikuwa gereji moja ya uchochoroni, Ilala, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu palikuwa na Hilux ya siku nyingi yenye ugonjwa huo wa asubuhi. Fundi, kijana mpole, alichukua kipande cha mpira unaopitisha mwanga, akakifunga kati ya filta na pampu, akapampu kwa mkono juu ya filta mpaka pakawa pagumu, kisha akawasha. Sote tukaona: vipovu vidogo, kimoja nyuma ya kingine, vikisafiri na dizeli kuelekea kwenye pampu. Hewa inaingia mahali. Akalala chini ya gari akaufuata mpira hatua kwa hatua hadi karibu na tangi, akakuta klipu imeliwa na kutu pale mpira unapokutana na bomba la chuma. Akakata ncha iliyochoka, akafunga klipu mpya. Vipovu vikaisha. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima.

Mwenye gari akatoa noti moja, ndogo.

"Sasa fundi, hujabadilisha kitu. Klipu tu! Shika hii ya maji."

"Bosi, nimelitafuta hili tatizo tangu saa mbili."

"Kutafuta si ndiyo kazi yako? Ungeweka nozeli ningekuelewa."

Kijana akaikunja ile noti akaiweka mfukoni bila neno. Bosi alikuwa mtu wa heshima, mwenye kuitikia salamu na kuuliza habari za watoto. Siamini kwamba alikusudia kumdhulumu mtu. Lakini tuyapime maneno yake. Amemwambia fundi, mbele ya vijana wawili wanaojifunza kazi, kwamba ukweli wa bei nafuu hauna malipo, na kwamba nozeli isiyohitajika ingelipwa bila swali. Wale vijana walisikia. Kesho likija gari jingine lenye hewa kwenye mpira, watafanya nini? Yupo atakayefunga klipu kimyakimya, kisha akamwambia mteja kwamba nozeli zote zimekwisha, akaziosha kwa petroli, akazirudisha na kudai bei ya mpya. Gari litawaka, mteja atashukuru, atalipa, na ataacha na ya soda juu yake.

Sisemi haya ili kumtakasa anayeiba. Njaa ya fundi haimhalalishii kutia mkono mfukoni mwa mtu aliyemwamini, na ringi za bandia zikiuzwa Kariakoo kwa jina la ringi halisi, muuzaji ana dhambi yake kamili hata kama mnunuzi alikuwa bahili. Ninachosema ni kwamba sisi tumezoea kulipia chuma na kukataa kulipia akili na jasho, halafu tunashangaa tunapouziwa chuma tusichokihitaji.

Kwa wakala mambo ni yaleyale, isipokuwa kuna kiyoyozi na risiti. Chukua Hilux au Prado yenye injini ya D-4D iliyokwisha tembea sana. Pampu yake ina vali ndogo inayopima dizeli inayoingia. Vali ikianza kukwama, injini inapanda na kushuka yenyewe, au inazima ukiwa kwenye foleni, na kompyuta inaandika kwamba presha ya mafuta haiko sawa. Kompyuta huishia hapo. Haiagizi pampu nzima. Anayekuagizia pampu nzima, wakati vali ile inauzwa peke yake, ni binadamu aliyevaa shati lenye nembo, ambaye pengine naye hupimwa kila mwezi kwa thamani ya spea alizouza. Ukimuuliza, "Ndugu yangu, mmeikagua vali kwanza?" atakwambia huo ndio utaratibu wa kampuni.

Wapo wanaoamini kwamba udanganyifu ni wa gereji za chini ya mwembe tu. Tukumbuke ya Volkswagen. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilianika hila yake, na kampuni ikakiri kwamba magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yaliwekewa programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, likatoa moshi safi, kisha likirudi barabarani likachafua kupita kiwango. Wahandisi wenye shahada zao walikaa mezani wakaupanga uongo huo.

Sasa tuje kwenye kuuza, maana hapo ndipo sisi wenye magari tunaposhika usukani wenyewe. Injini ya 1KZ, iliyofungwa kwenye Surf na Prado za miaka ya 1990, mafundi wote wanaijua: ina nguvu, inavuta, lakini ikichemka vibaya hedi yake hupasuka. Mwenye gari anayejua kwamba hedi ina ufa ana njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza, au kusema na kupunguza bei. Ya pili tunaijua vizuri kuliko tunavyokiri: thamostati inatolewa na kutupwa, rejeta inajazwa maji ya bomba, injini inaoshwa mpaka inang'aa, oili nzito inamiminwa ili moshi upungue, na siku ya mnunuzi gari linawashwa mapema lipate moto, ili lisije likagoma mbele yake. Mnunuzi analiendesha kwenye tambarare ya Dar es Salaam na mshale wa joto hausogei. Ukweli anakutana nao mlima Kitonga, na mkewe, na watoto, na mizigo ya sikukuu, rejeta ikitapika maji kwenye kona, malori yanapumua nyuma yake. Hapo muuzaji hayupo na simu yake haipatikani. Nasi tunaliita hilo "biashara".

Kuna jambo dogo zaidi ambalo kwangu ndilo linaloonyesha nia ya mtu waziwazi. Kwenye injini hiyo ya 1KZ, kama ilivyo kwenye 1HZ ya Land Cruiser, mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 au karibu na hapo, na taa huwaka kwenye dashibodi kukumbusha. Mkanda ukibadilishwa, taa huzimwa kwa mkono. Kwa baadhi ya magari ni kubonyeza kitufe, kwa mengine ni kuhamisha skrubu moja nyuma ya dashibodi. Dakika chache zinatosha. Lakini skrubu haijui kama mkanda umebadilishwa. Mtu aliyefunga mkanda mpya akahamisha skrubu, na mtu ambaye hakugusa mkanda akahamisha skrubu, mikono yao imefanya kitendo kimoja. Mmoja amekamilisha kazi. Mwingine amezima onyo ili mgeni aendeshe bila kujua, na mkanda huo ukikatika, vali na pistoni zinagongana na injini imekufa. Hakusema uongo hata neno moja, hakuulizwa. Wangapi kati yetu tumejificha nyuma ya hilo, "hakuniuliza"?

Nasi wanunuzi hatuko salama. Mara ngapi tumemkuta mtu mkweli, akatuambia, "Kaka, gari hili linakula oili, ukisafiri beba lita ya akiba," tukamshukuru, tukampa nusu ya bei, kisha tukaenda yadi kununua kwa bei kamili gari ambalo dalali ametuapia lilikuwa la mwalimu mstaafu wa Japani aliyekuwa akiendea sokoni tu? (Walimu wastaafu wa Japani, kwa hesabu za madalali wetu, ndio wanunuzi wakubwa wa magari duniani.) Tulimwadhibu mkweli kwa ukweli wake. Dalali akaona, akajifunza, kama wale vijana wa Ilala walivyojifunza.

Na dizeli yenyewe tunaipata wapi? Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Neno uchakachuaji lilikuwa midomoni mwa kila mtu siku zile, na tulilitumia kwa hasira ya watu walioonewa. Lakini dizeli ya madumu kandokando ya barabara kuu, inayouzwa kwa bei isiyowezekana, hununuliwa na nani? Tunajua imefyonzwa kwenye tangi la lori la mtu, na tunajua huenda imetiwa mengineyo. Pampu za zamani hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi ipasavyo, na vyuma vinasagana. Tunanunua mali ya wizi kwa unafuu, pampu inakufa, tunakwenda kumkaba fundi.

La moshi nitalisema kwa kifupi kwa kuwa halihitaji hoja. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli katika visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2012. Mtu anayemwambia fundi "niongezee pampu lipate nguvu", kisha akapita kituo cha daladala akiwaachia wanafunzi wingu jeusi huku vioo vyake vimefungwa, asijifiche kwenye umri wa gari. Gari zee lililotunzwa halitoi wingu hilo. Aone haya.

Basi tufanye nini? Tuanze na lililo mkononi mwetu. Kabla boneti halijafunguliwa, tukubaliane na fundi bei mbili, ya kutafuta tatizo na ya kulitengeneza, na ya kutafuta ilipwe kamili hata kama mwisho wake ni klipu. Ilipwe kwa uso mkunjufu, na hasa mbele ya wanafunzi wake. Kwa upande wake fundi aturudishie spea iliyotolewa, ikiwa imefungwa kwenye gazeti, bila kuombwa. Kwa wakala, tuombe karatasi ya kipimo tuondoke nayo, na tuulize kwa adabu kipi kimekaguliwa kabla ya kuandikiwa pampu. Atakayechukia swali hilo ametupa jibu.

Na atakayeuza, amruhusu mnunuzi aje alfajiri injini ikiwa baridi, awashe mwenyewe, afungue kifuniko cha oili atazame kama inapumua. Amkabidhi daftari la matengenezo lilivyo, na kurasa zake mbaya. Kama thamostati ilitolewa, aseme ilitolewa lini na kwa nini. Bei itashuka, ndiyo, na pengine itashuka kuliko haki, kwa sababu aliye mbele yake naye amelelewa na soko hilihili. Lakini sehemu ya haki ya tofauti hiyo ilikuwa mali ya yule anayenunua tangu mwanzo. Muuzaji hana alichopoteza kwa kutoichukua.