Mbacha wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na kijiwe cha baiskeli Chanika, mjini Handeni. Kwetu maji yalikuwa ya kufuatwa mbali, na baiskeli ya kubeba madumu manne ya lita 20 haikuweza kutegemea keria ya kiwandani. Mjomba aliing'oa, akachomelea ya nondo, akaitegemeza kwa miguu miwili iliyoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kabla ya kupokea pesa aliikalia mwenyewe, akajitikisa.

"Mimi ni madumu manne," alimwambia mteja. "Ikinibeba, nenda kisimani."

Bodaboda zilipojaa mjini, tamaa ikamwingia. Akauza mashine ya kuchomelea, akaongezea mkopo, akahamia Korogwe, kando ya barabara kuu, kufungua duka la spea na gereji ya pikipiki. Injini hakuwahi kuifungua maishani. Ya kwanza aliifungua, akaifunga, akabakiwa na nati moja kiganjani. Akaitazama, akaitia mfukoni. Pikipiki ilizimika kabla ya kufika Sindeni, na mwenyewe akarudi akiisukuma. Mwaka haukuisha, duka likafungwa. Mkopo ukabaki.

Tusimcheke. Waliosoma kumzidi walifanya vivyo hivyo, tena kwa fedha nyingi.

Mwaka 1971, katika jimbo la Connecticut, Marekani, Joe Montgomery alianzisha kampuni akaiita Cannondale, jina la stesheni ndogo ya reli ya jirani. Alianza na tela dogo la kukokotwa na baiskeli, siyo baiskeli yenyewe. Mwaka 1983 kampuni ikatoa baiskeli ya fremu ya alumini, wakati wengi walishikilia chuma. Mwaka uliofuata ikatoa ya kupanda milima. Mabomba yake yalikuwa manene lakini mepesi, hata mpita njia aliitambua kwa mbali. Kiwanda chake cha Bedford, Pennsylvania, kikapata jina kubwa.

Kisha kampuni ikatamani pikipiki. Mwaka 1998 ikajitosa kwenye pikipiki za mashindano ya matopeni. Badala ya kununua injini iliyokwisha kukomaa kwa wazoefu, ikaamua kuunda yake. Kazi ikachelewa, na pikipiki zilipoingia sokoni zikaja na hitilafu. Faida ya baiskeli ikamezwa na pikipiki, madeni yakapanda. Januari 2003 kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Wanunuzi wapya waliachana na pikipiki, wakabaki na baiskeli. Baiskeli za jina hilo zinauzwa hadi leo.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huisikia methali hii kama amri ya kukaa palepale. Mimi sivyo ninavyoielewa. Pikipiki hazikuwa upepo wa kupita. Nenda Handeni leo uhesabu bodaboda stendi. Mjomba hakukosea kuona kwamba zinakuja. Alikosea kuuza kilichomlisha ili anunue asichokijua, na kujifunzia kwenye injini ya mteja. Cannondale nayo ilikuwa bingwa wa fremu, ikaenda kushindana kwenye injini, ambako wenzake walikuwa na miongo ya uzoefu.

Anayetaka kuacha kazi moja aingie nyingine ajiulize: ujuzi wangu ni upi hasa? Mjomba alidhani ujuzi wake ni baiskeli. Ujuzi wake ulikuwa mzigo: kujua chuma kikae vipi ili uzito usikivunje. Na pikipiki nazo hubeba madumu, magunia ya mkaa na mahindi, na keria zake za kiwandani hazitoshi.

Aliyeliona hilo ni kijana aliyenunua ile mashine ya kuchomelea. Yuko Chanika, kijiwe kilekile, anachomelea keria za bodaboda, na baiskeli mojamoja zikija hazikatai.

Siku moja mjomba alipita pale akiwa njiani kutoka msibani. Kijana akaacha kazi, akafuta mikono.

"Shikamoo, fundi. Hebu nisaidie, ikalie hii tuipime."

Mjomba akaikalia, akajitikisa. Keria haikulia.

"Inabeba," alisema akishuka taratibu. "Ila usinitegemee sana. Siku hizi mimi ni madumu matatu."